Uzito Mmoja, Majeraha Tofauti

Kalenga ipo mwendo mfupi kutoka Iringa mjini, kwenye barabara ya kuelekea Ruaha. Makumbusho yake ni madogo, ukiingia huna pa kupotelea. Ndani ya kisanduku cha kioo limo fuvu la Mtwa Mkwawa, na wageni wanaosimama mbele yake huuliza habari za vita: Lugalo mwaka 1891, kifo cha kamanda wa Kijerumani Zelewski, ngome iliyoanguka 1894, rupia 5,000 walizoahidi Wajerumani kwa atakayeleta kichwa. Mimi nikifika pale swali langu ni la kikemia. Walijuaje kuwa ndilo?

Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898, Wajerumani wakiwa karibu kumfikia. Kichwa kikakatwa, kikachukuliwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jambo hilo likaingia hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919: kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu ndani ya miezi sita. Miezi sita ikageuka miaka thelathini na kitu. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalikuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akaanza na vipimo: ni yapi yanayokaribiana na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai? Yakabaki machache, na katika hayo moja tu lilikuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo alilokabidhiwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, hapo Kalenga tarehe 19 Juni 1954.

Kipimo hakikumtambua Mkwawa. Kipimo kilipunguza orodha, jeraha ndilo lililotoa jina. Wapo wanahistoria waliolitilia shaka jina hilo, na ugomvi wao si wa sura hii, ila shaka yenyewe inafundisha: hata tundu la risasi laweza kuwa la mtu mwingine. Lishike hilo, tutalihitaji mbele.

Kemia nayo ina mafuvu yake. Kuna vitu ambavyo ukivipima kwa mzani wowote vinatoa namba ile ile, na bado si kitu kimoja. Huitwa isoma, jina alilolitunga Berzelius wa Sweden mwaka 1830, baada ya vijana wawili wa Kijerumani kukwaruzana. Liebig alikuwa na chumvi ya madini ya fedha inayolipuka ukiigusa vibaya. Wöhler alikuwa na chumvi ya fedha tulivu kabisa. Uchambuzi ukasema zote mbili zina vitu vile vile kwa kiasi kile kile. Liebig alidhani mwenzake amekosea hesabu. Hakuna aliyekosea: atomu zilikuwa zile zile, zimeunganishwa kwa mpangilio mwingine.

Chukua mfano wa Iringa. Msimu wa mvua, mianzi michanga hukatwa ncha na utomvu wake ukadondokea kwenye kikombe cha mwanzi kilichofungwa pale pale. Ukinywewa mapema ni mtamu tu. Ukiachwa unachacha na kuwa mkali, na ukali huo wa ulanzi unatokana na ethanoli: kaboni mbili, hidrojeni sita, oksijeni moja. Piga hesabu. Kaboni ni 12, mara mbili 24, hidrojeni 6 unafika 30, oksijeni 16 unafika 46. Sasa chukua atomu hizo hizo tisa, ila oksijeni uitoe pembeni uiweke katikati ya kaboni mbili. Umepata dimethili etha, gesi inayochemka nyuzi 24 chini ya sifuri, ile inayosukuma rangi nje ya baadhi ya makopo ya kupulizia. Hakuna mzee wa Ifunda atakayekushukuru ukimkaribisha hiyo. Nayo pia ni 46.

Mashine inayopima namba hizo ni spektrometa ya masi. (Wanafizikia watanikemea kila nitakapoandika uzito badala ya masi, nitavumilia.) Inapima chembe zikiwa gesi, ndani ya ombwe, na zikiwa zimebeba chaji ya umeme. Chembe ya namna hiyo ndiyo ioni. Chaji ni mpini: bila mpini huwezi kuishika chembe ndogo hivyo, lakini ukiwa nao unaweza kuikimbiza kwa umeme, kuipinda kwa sumaku, na kujua ni nzito kiasi gani kwa jinsi ilivyopinda. J. J. Thomson alikuwa na babu wa mashine hii kule Cambridge, na kwayo mwaka 1913 akaona kwamba gesi ya neoni ina chembe za 20 na nyingine za 22.

Mtu wa Nyanda za Juu Kusini anaijua tayari, kwani ni mzani wa malori wa Uyole. Lori linapanda, namba inatoka. Chukua malori mawili ya aina moja, yamebeba magunia yale yale kwa idadi ile ile, ila kila moja limepakiwa na mpakizi wake na kamba zimefungwa kwa mtindo wake. Namba ni moja. Tena hapa watu wengi huteleza: mzani bora zaidi hausaidii kitu. Mashine za siku hizi husoma hadi desimali ya nne, na isoma hubaki sawa hadi desimali ya mwisho, kwa sababu hakuna hata atomu moja iliyoongezwa wala kupunguzwa.

Kinachosaidia ni Kitonga. Malori hayo yakipinduka kwenye mteremko ule, kamba zitakatika pale zilipokuwa dhaifu, na mpakizi atajulikana kwa mzigo uliotangulia kumwagika. Maabara hufanya ajali hiyo kwa makusudi. Katika mashine za mtindo wa kale, mvuke wa kitu hupigwa kwa elektroni zenye nguvu ya elektroni-volti 70, molekuli zikapasuka, na vipande vyake vikaandikwa kama mistari, kila mstari na urefu wake. Ethanoli hukatika kati ya kaboni na kaboni, kinabaki kipande chenye kaboni moja na oksijeni, na mstari mrefu kuliko yote unasimama kwenye 31. Etha haina kiungo cha kaboni kwa kaboni, haina pa kukatikia hivyo. Yenyewe hupoteza hidrojeni moja tu, na mstari wake mrefu uko kwenye 45. Lori la ulanzi limeshajulikana.

Sasa twende Mbozi. Tangu 2016 wilaya hiyo ni ya Mkoa wa Songwe, ila kahawa yake ilijulikana miaka mingi kama kahawa ya Mbeya. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kipo Mbimba, na pande zote za barabara kuna arabika. Chukua punje iliyokobolewa, kabla haijakaangwa, uing'ate. Ni ngumu kama kokoto. Ukifanikiwa kuipasua, hutaonja kahawa hata kidogo. Utaonja majani mabichi, halafu ukakasi unaokausha ulimi. Sehemu kubwa ya ukakasi huo ni kundi la asidi zinazoitwa za klorojeniki. Jina linababaisha, kwa sababu hazina klorini hata chembe. Limetokana na neno la Kigiriki la rangi ya kijani, ambayo asidi hizi huitoa zikipata hewa.

Zinazotuhusu ni tatu, zenye ramani moja. Kuna pete ya kaboni sita, asidi ya kwiniki, iliyozungukwa na vigingi. Juu ya kigingi kimojawapo imening'inizwa asidi ya kafeiki (si kafeini tafadhali, huyo ni mwingine kabisa). Ikining'inia kigingi cha 3 ni isoma moja, cha 4 ni ya pili, cha 5 ni ya tatu. Zote tatu zina uzito wa 354. Na kama vile haitoshi, mwaka 1976 wakubwa wa kemia walibadilisha namna ya kuhesabu vigingi, cha 3 kikawa cha 5 na cha 5 kikawa cha 3, kwa hiyo ukisoma kitabu cha zamani na kipya kwa pamoja utadhani mmoja wao amelewa.

Huwezi kuzichemsha ziwe gesi kama ethanoli, zitaungua kwanza. Ndiyo maana kwa miaka mingi mashine hii ilikuwa ya vitu vyepesi na vya kunukia. Dawa ya hilo ilitoka kwa John Fenn, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Maji ya kahawa yanapitishwa kwenye sindano nyembamba iliyotiwa volti elfu kadhaa. Ncha ya sindano inatoa ukungu, kila tone likiwa na chaji. Tone linakauka, linapasuka, vidogo vyake vinakauka tena, hadi inabaki molekuli peke yake, nzima, imeshika chaji. Katika hali hii asidi yetu inakuwa imepoteza hidrojeni moja isiyo na elektroni, na mzani unaandika 353.

Kinachofuata ni kuivunja, kwa adabu zaidi kuliko ile ya elektroni-volti 70. Ioni za 353 hufungiwa peke yake kwenye mtego wa umeme, nyingine zote zikatupwa nje. Kisha husukwasukwa ndani ya gesi nyepesi ya heliamu, zikigongana nayo mara nyingi, kila mara zikipata joto kidogo, mpaka kiungo dhaifu kikaachia.

Mfikirie mpangaji na nyumba. Asidi ya kafeiki ndiye mpangaji, pete ya kwiniki ndiyo nyumba. Wakiachana, chaji huenda kwa mmoja wao tu, na mashine humwona aliyeichukua. Asiye na chaji hapotei, ila kwa mashine ni kama hayupo. Nyumba ikibaki kamili na chaji yake, mstari unasimama kwenye 191: toa 191 kwenye 353, mpangaji aliyeondoka ana 162. Mpangaji akiondoka na chaji, mstari ni 179. Na kuna namna ya tatu, mpangaji kuondoka na kufuli ya mlango. Toa 173 kwenye 353 upate 180. Zile 18 zilizozidi juu ya 162 ni molekuli moja kamili ya maji, ambayo nyumba imeachwa bila.

Isoma ya kigingi cha 4, ambacho kimebanwa katikati ya majirani wawili, ndiyo yenye mpangaji wa kufuli: mstari wake mrefu kuliko yote ni 173. Za kigingi cha 3 na cha 5 zote mbili hukimbilia 191, na kwa mtazamo wa haraka ungesema ni moja. Tazama 179. Kwa ya kigingi cha 3 mstari huo umesimama imara kando ya 191. Kwa ya kigingi cha 5 ni kijiti tu, unaweza kukiruka kwa jicho. Michael Clifford na wenzake wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, ndio waliopanga utaratibu huu hatua kwa hatua mwaka 2003, na hadi leo wapimaji wa kahawa huutumia.

Mkulima anapata nini hapo? Katika punje mbichi isoma ya kigingi cha 5 ndiyo inayotawala. Kahawa ikikaangwa, zote hupungua, nyingine zikigeuka vitu vinavyotoa sehemu ya uchungu wa kikombe. Lakini pia mpangaji huhama kwa joto kutoka kigingi hadi kigingi, na uwiano wa zile tatu ukasogea. Kwa hiyo mwenye mashine anaposoma 173, 179 na 191, anasoma pia habari za moto ambao punje hiyo imeupitia. Namba 353 peke yake isingemwambia lolote.

Ningekuwa mwongo nikisema mashine hufanya kazi hii bila msaada. Isoma tatu zikiingia kwa pamoja, vipande vyao vinachanganyika na hesabu inaharibika. Kwa hiyo kwanza maji ya kahawa hupitishwa kwenye bomba jembamba lililojazwa unga maalumu, kila isoma ikasuasua humo kwa muda wake na kutoka kwa zamu. Muda wa kutoka ni alama ya kwanza, uzito ya pili, majeraha ya tatu. Twining alikuwa na mbili.

Na majeraha nayo hudanganya. Ioni katika gesi haiko kama mbuzi aliyefungwa kamba. Ikishapata joto inaweza kujipanga upya kabla haijavunjika, na ukaja kusoma jeraha la mwili ambao haukuwa ule ulioingia. Mfano wa kale ni toluini, kitu kilichomo kwenye petroli na thina ya rangi. Uzito wake ni 92. Ukiipiga kwa elektroni inatoa hidrojeni moja na kubaki 91, na kila mtu alidhani anajua sura ya 91: pete ya kaboni sita na kaboni moja pembeni, ioni iitwayo benzili. Mwaka 1957 Wamarekani watatu, Rylander, Meyerson na Grubb, waliweka hidrojeni nzito mahali walipopajua ndani ya molekuli, wakafuatilia inatokea wapi. Ikatokea kila mahali. Wakapendekeza kwamba kaboni ya pembeni ilikuwa imeingia ndani ya pete, pete ikawa ya kaboni saba, na hidrojeni zote zikawa sawa. Hiyo ndiyo tropilio. Uzito 91 vile vile.

Kuzitenganisha kwa kuzivunja ni kazi bure kama zenyewe zinageukiana njiani. Njia iliyofaa ikawa kuziacha zikutane na mtu. Ioni hufungiwa kwenye mtego wenye mvuke wa toluini na kupewa muda. Benzili ina njaa: inaishambulia toluini, na mstari mpya unaota kwenye 105. Tropilio imeshiba, inapita bila kugusa. Baada ya muda ile 91 iliyobaki ni tropilio, ile iliyopotea ilikuwa benzili.

Kuna isoma nyingine ambazo hata kuvunja hakuzigusi. Kiwanda cha pareto kipo Mafinga, na maua yanatoka Mufindi, Makete na milima ya Mbeya. Staudinger na Ruzicka walitangaza mwaka 1924 muundo wa sumu ya ua hilo. Asidi iliyo ndani yake yaweza kuwa na maumbo manne, na ua hutengeneza moja tu. Alipotokea binadamu kuiga, mwaka 1949, alethrini yake ya kwanza ilikuwa mchanganyiko wa maumbo manane, mengine yakiua mdudu vizuri na mengine yakimtekenya tu. Maumbo hayo yamo jozi jozi, kila mawili kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mikono hiyo ina uzito mmoja na huvunjika sawasawa, mstari kwa mstari. Ukitaka kuitofautisha lazima uipe mkono mwingine wa kushikana nao, ama ndani ya bomba lenye unga wa upande mmoja, ama ndani ya gesi kwenyewe, kama Graham Cooks wa Chuo Kikuu cha Purdue alivyofanya kwa asidi za amino, akizifunga pamoja na wenza wa upande unaojulikana kwa shaba.

Nimeacha mwisho mfano ambao mtu anaweza kufungwa kwa ajili yake. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya, na katika taifa zima ripoti za mamlaka hiyo ndizo zinazosomwa mahakamani kwenye kesi za dawa za kulevya. Methamfetamini ni dawa ya kulevya. Fentermini ni dawa ambayo madaktari katika nchi kadhaa huwaandikia wanaopunguza unene. Atomu zao ni zile zile, kaboni 10, hidrojeni 15, nitrojeni moja: uzito 149, na ikiongezewa hidrojeni yenye chaji, 150.

Ukizipiga kwa elektroni za elektroni-volti 70, zote mbili hutoa mstari mrefu kwenye 58, na mwingine kwenye 91. Tundu la risasi mahali pale pale kwenye mafuvu mawili. Ukichunguza, 58 ya huyu na 58 ya yule zenyewe ni isoma, na 91 umeshaijua habari yake. Mpimaji wa haraka angeishia hapo na kuandika jina. Mpimaji makini huzipitisha kwenye bomba kwanza, au huziingiza kwa ukungu wa sindano na kuzigonga taratibu, akatazama nini kilichotangulia kumwagika.

Kwa hiyo ukiwa wakili, au ndugu wa mshtakiwa, au hakimu uliyechoka saa tisa alasiri, na ripoti iliyo mbele yako ina jina la dawa na namba 150, usiipokee hivyo. Uliza mstari wa pili ulisimama wapi. Methamfetamini hutoa 119. Fentermini hutoa 133.